Walifukuzwa Gilman, Wakahifadhiwa Washington

Aprili 2024, Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza rekodi 25 ilizoziingiza katika sajili yake ya kitaifa ya sauti zinazostahili kutunzwa daima. Pamoja na Arrival ya ABBA na Ready to Die ya The Notorious B.I.G., ilikuwemo albamu ya vijana watatu wa California yenye jina ambalo mtu angesita kulitamka mbele ya wakwe, maana ni neno la kitoto la kutajia kinyesi. Dookie, ya kundi la Green Day, ilitoka tarehe 1 Februari 1994. Washington iliipokea baada ya miaka 30. Kwao Berkeley, walioirekodi walikuwa wamekwisha kufungiwa mlango kabla hata albamu haijafika dukani.

Mlango wenyewe ni wa ukumbi ulioko namba 924, Mtaa wa Gilman, uliofunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1986. Hauuzi pombe. Unaendeshwa na watu wanaojitolea, na masharti yake hayana mafumbo: ubaguzi wa rangi marufuku, kudhalilisha wanawake marufuku, ngumi marufuku. Ulikuwa na sababu ya kuwa mkali. Maonyesho ya panki California ya miaka ile yalikuwa yakivamiwa na wababe, baadhi yao wabaguzi wa wazi, waliogeuza dansi kuwa vita. Waanzilishi wa Gilman walitaka mahali ambapo kijana wa miaka 15 angeingia na kutoka akiwa mzima. Sharti jingine lilihusu fedha: bendi yenye mkataba na kampuni kubwa ya muziki haikuwa na nafasi jukwaani.

Billie Joe Armstrong, mwimbaji wa Green Day, na Mike Dirnt, mpiga besi, walifika hapo wakitokea Rodeo, mji mdogo wenye kiwanda cha kusafishia mafuta. Baba yake Armstrong, dereva wa malori aliyekuwa pia akipiga jazi, alifariki mwaka 1982, mtoto akiwa na miaka 10. Bendi yao iliitwa Sweet Children kabla ya kuwa Green Day. Lookout, kampuni ndogo ya Larry Livermore, ikawatolea 39/Smooth mwaka 1990, kisha Kerplunk, ambamo Tré Cool, yule wa tatu, ndiye aliyekaa kwenye dramu. Ziarani walitumia basi kuukuu lililowahi kuwa maktaba ya kutembeza vitabu, usukani ukiwa mikononi mwa baba yake Tré. Kerplunk iliuza makumi ya maelfu ya nakala kwa sifa za mdomo tu, na hapo ndipo makampuni makubwa yalipoanza kubisha hodi.

Mwaka 1993 walitia saini na Reprise, kampuni iliyoanzishwa na Frank Sinatra mwaka 1960 na wakati huo ikiwa ndani ya himaya ya Warner. Kwa Gilman, kesi ikaishia hapo. Baadaye likaandikwa ukutani mwa ukumbi neno la kumtakia Armstrong kifo.

Dookie ilirekodiwa Berkeley hiyo hiyo, katika Fantasy Studios, kwa muda wa wiki tatu hivi. Mtayarishaji Rob Cavallo alikuwa kijana aliyejua kupiga gitaa na aliyewapenda Beatles kama wao, na nadhani hilo ndilo lililoiokoa kazi. Hakuwaongezea vinanda wala kuwapunguzia kasi. Mchanganyo wa kwanza wa sauti haukuwaridhisha, ukarudiwa kwa msaada wa Jerry Finn, na matokeo yake ni nyimbo 14 zisizofikia dakika 40. Gitaa ni zito lakini halimfuniki mwimbaji, na kila neno linasikika. Besi ya Dirnt ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya utamu: katika wimbo wa Longview ni besi na dramu zinazosimulia, gitaa likingojea kiitikio ndipo lilipuke.

Anayetafuta maandamano humo hatayaona. Rais hatajwi, vita havitajwi. Longview ni kijana asiye na kazi anayeozea mbele ya televisheni. Basket Case ni mashambulio ya hofu yaliyokuwa yakimsumbua Armstrong, naye akidhani anapagawa. Baadhi ya wakongwe wa panki, John Lydon wa Sex Pistols miongoni mwao, waliwadharau na kuwaona si panki wa kweli. Mimi naona kinyume. Kijana wa kiume kukiri mbele ya umma kwamba akili yake inamtisha lilikuwa jambo la ujasiri kuliko kuitukana serikali, ambayo kila bendi ilikuwa ikiitukana.

Soko halikuhitaji kubembelezwa sana. MTV iliipenda video ya Longview, iliyopigwa katika nyumba ya chini ya ardhi walimokuwa wakiishi. Nyimbo tatu zilishika namba moja katika chati ya roki ya kisasa, na albamu ikapanda hadi namba 2 kwenye chati kuu ya Billboard. Mhakiki Robert Christgau, bahili wa alama, aliipa A-.

Halafu likaja tope. Tarehe 14 Agosti 1994, katika tamasha la Woodstock huko Saugerties, New York, watazamaji walianza kuwarushia matope, Armstrong akayarudisha, jukwaa likavamiwa, na mlinzi aliyemdhania Dirnt kuwa shabiki akamwangusha na kumvunja meno. Vurugu yote ilikuwa ikionyeshwa kwenye televisheni. Chini ya mwezi mmoja baadaye walipiga bure mjini Boston. Umati ukafurika, onyesho likavunjwa baada ya nyimbo chache, polisi wakakamata watu. Mwaka 1995 wakachukua Grammy ya muziki mbadala. Hadi mwaka 1999 mauzo ya Marekani pekee yalithibitishwa kufikia nakala milioni 10, na mwaka 2024 milioni 20.

Je, Gilman walikosea? Si rahisi kusema hivyo. Aprili 1994, The Offspring, jirani zao wa kusini mwa California, walitoa Smash kwa kampuni huru ya Epitaph, nayo ikauza mamilioni. Kwa hiyo dai kwamba bila kampuni kubwa hakuna kufika mbali halisimami. Hata Lookout yenyewe ilinufaika, kwani waliopenda Dookie walirudi kununua Kerplunk. Lakini fedha zile hazikutunzwa vizuri: mwaka 2005 Green Day waliziondoa albamu zao Lookout kwa sababu ya malipo yaliyocheleweshwa, na mwaka 2012 kampuni ikafunga kabisa. Usafi wa kuwa mdogo haukuwa kinga dhidi ya hesabu mbovu.

Palipokuwa na kosa ni kudhani kwamba mkataba ungebadili muziki wenyewe. Green Day hawakuwahi kuwa wapiganaji waliolainishwa na Warner. Walikuwa watunzi wa nyimbo tamu tangu siku za Sweet Children. Mei 2015 walipiga tena Gilman, katika onyesho la kuchangia wachapishaji wa AK Press waliokumbwa na moto.

Anayetaka kuamua mwenyewe asianze na Basket Case. Autafute Welcome to Paradise, unaozungumzia maisha ya Armstrong katika jengo chakavu huko Oakland, ausikilize kwanza katika Kerplunk, kisha katika Dookie. Wimbo ni ule ule, wapigaji wale wale, maneno yale yale. Kilichoongezeka ni studio nzuri, na ubishi wote wa 1994 ulikuwa juu ya nani aliyeilipia.