Imobilaiza ya Gari: Namna Ufunguo Unavyotambuliwa, Kupimwa na Kusajiliwa

Gari ambalo stata yake inazunguka lakini injini haishiki si lazima liwe limeharibika pampu ya mafuta, plagi au nozeli. Katika magari mengi yaliyoundwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, chanzo kinaweza kuwa mfumo wa kuzuia wizi uitwao imobilaiza, ambao umekataa kuutambua ufunguo. Mmiliki asiyeufahamu mfumo huu hujikuta akinunua vipuri visivyohitajika. Akipoteza ufunguo wake wa pekee, hugundua kuwa gari zima limesimama kwa sababu ya chipu isiyozidi ukubwa wa ukucha.

Chipu hiyo hufichwa ndani ya kichwa cha ufunguo, na haitumii betri. Kuzunguka swichi ya kuwashia kuna koili inayofanya kazi ya antena. Ufunguo unapoingizwa na kugeuzwa, koili hutoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini, kwa kawaida takribani kilohezi 125, yanayoipa chipu nguvu ya kujibu. Chipu za zamani hutamka namba ile ile kila mara. Zilizofuata huulizwa swali jipya kila gari linapowashwa, na hukokotoa jibu kwa kutumia siri iliyomo ndani yake. Jibu likiwa sahihi, kontroli boksi ya injini huruhusu mafuta na moto wa plagi. Likikosewa, injini hainguruma hata kama meno ya ufunguo yamechongwa kwa usahihi.

Rimoti ya kufungua milango ni kifaa tofauti, ijapokuwa mara nyingi hukaa katika kichwa hicho hicho cha ufunguo. Betri ya rimoti ikiisha, milango itakataa kuitikia lakini gari litawaka. Kwa magari ya kuwasha kwa kitufe, ufunguo wenye betri iliyoisha husogezwa na kugusishwa kwenye kitufe au mahali palipoelekezwa katika kitabu cha gari, nao husomwa kwa ukaribu kama chipu ya kawaida.

Umoja wa Ulaya ulilazimisha magari mapya ya abiria kuwa na imobilaiza kuanzia Oktoba 1998. Marekani haikuweka sharti la namna hiyo, na matokeo yake yalionekana wazi miaka ya karibuni. Magari mengi ya Hyundai na Kia ya miaka ya 2011 hadi 2021 yaliuzwa huko bila mfumo huo, na wizi wake ulienea kwa kasi kuanzia mwaka 2021 baada ya video za mitandaoni kuonyesha jinsi ya kuyawasha bila ufunguo. Februari 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilitangaza kuwa kampuni hizo zingetoa programu mpya kwa takribani magari milioni 8.3. Hata hivyo, imobilaiza nayo si ngome isiyopenyeka: mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na RSA Laboratories walionyesha kwamba siri ya bita 40 iliyokuwa ikitumika katika mamilioni ya funguo inaweza kuvunjwa.

Kwa Tanzania, ambako magari mengi yaliyotumika huagizwa kutoka Japani, mambo mawili yanahitaji uangalifu. Kwanza, magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani hayafanani. Modeli moja inaweza kuwa na imobilaiza katika gari hili na isiwe nayo katika lile. Pili, magari si machache hufika na ufunguo mmoja tu. Ufunguo wa pili, popote ulipo, unaweza kuwa bado umesajiliwa katika kumbukumbu ya gari.

Upimaji wa hitilafu huanza na mambo yasiyo na gharama. Taa ya usalama kwenye dashibodi, yenye picha ya ufunguo, kufuli au gari, hutazamwa kwanza. Katika magari mengi humetameta gari likiwa limefungwa na huzimika ufunguo unapokubaliwa; ikiendelea kumetameta swichi ikiwa imewashwa, kuna kila sababu ya kushuku imobilaiza. Dalili nyingine hutofautiana kwa watengenezaji: baadhi ya magari huwaka na kuzimika baada ya sekunde moja au mbili, mengine hayazungushi stata kabisa. Kisha hujaribiwa ufunguo wa pili. Huu ndio upimaji wenye thamani kuliko wote, kwa kuwa gari likiwaka, kosa limo katika ufunguo wa kwanza, na hakuna haja ya kugusa nyaya. Ufunguo pia hutenganishwa na funguo nyingine, hasa zenye chipu, ambazo zinaweza kuvuruga usomaji. Betri ya gari iliyoshuka nguvu na fyuzi iliyokatika navyo hukaguliwa kabla ya hatua inayofuata.

Hapo ndipo mashine ya kupimia huunganishwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Msimbo P0513 maana yake ni kwamba gari limeona ufunguo usio sahihi. Katika magari ya Toyota, B2799 huelekeza kwenye mawasiliano kati ya imobilaiza na kontroli boksi ya injini, na mara nyingi hujitokeza baada ya kontroli boksi kubadilishwa kwa nyingine iliyotolewa katika gari bovu. Kontroli boksi ya mtumba huja na siri ya gari lake la zamani, hivyo kuifunga bila kuioanisha na gari jipya ni kuongeza tatizo. Fundi anayependekeza kubadilisha kontroli boksi kabla ya kusoma misimbo na kupima nyaya za antena anapaswa kuombwa maelezo.

Kusajili ufunguo mpya ni kazi ya hatua mbili: kuchonga meno, na kuiingiza chipu katika kumbukumbu ya gari. Mmiliki akiwa na ufunguo unaofanya kazi, hatua ya pili ni nyepesi. Baadhi ya magari ya Ford huruhusu mmiliki mwenye funguo mbili zilizosajiliwa kuongeza wa tatu bila mashine yoyote. Toyota nyingi hutofautisha ufunguo mkuu na ule mdogo, na ni ule mkuu tu unaoweza kuidhinisha usajili. Nissan huomba namba ya siri. Zikipotea zote, mashine maalumu huhitajika, na mfumo huweka muda wa kusubiri, dakika 10 kwa Ford nyingi, kwa makusudi ya kumchelewesha mwizi. Chipu nyingi zilizokwisha kusajiliwa katika gari moja hufungwa na hazikubali gari jingine. Ndiyo maana kununua ufunguo wa mtumba huwa hasara mara nyingi.

Ufunguo uliopotea au kuibwa huripotiwa polisi, na fundi makini ataomba kadi ya gari na kitambulisho kabla ya kusajili mpya. Mmiliki hapaswi kuridhika na kuongezewa ufunguo pekee. Aombe zile zilizopotea zifutwe, kwa kuwa kuongeza mmoja hakuondoi mwingine. Mnunuzi wa gari lililotumika naye ana haki ya kutaka mashine ionyeshe idadi ya funguo zilizosajiliwa, katika magari yanayotoa taarifa hiyo. Zikiwa tatu na muuzaji ana mbili, ule wa tatu ufutwe siku hiyo hiyo. Kibati chenye namba kinachokuja na funguo nacho kidaiwe na kitunzwe mbali na gari. Namba hiyo humwezesha fundi kuchonga meno upya bila kubomoa kitasa, ingawa kwa kawaida haisaidii kusajili chipu.