Tarikhi ya Ziwa Kisiba na Nasaba ya Samaki Wake

Maulamaa wa elimu ya viumbe, walipokwisha kubaini kwamba yuko nyangumi katika bahari za barafu za kaskazini awezaye kupindukia umri wa miaka 200, walitamani kujua siri hiyo imefichwa wapi. Na mwaka 2015, baada ya kusoma vinasaba vyake vyote, walitangaza kuona mabadiliko katika vile vinavyohusika na kurekebisha vinasaba vilivyoharibika na kuzuia saratani. Sisi wa Njisi ya Kyela, ambao bahari yetu ni Ziwa Nyasa na nyangumi twamjua kwa kisa cha Nabii Yona tu, tusidhani kwamba elimu hiyo ni ya wageni, kwani mwaka huo huo, kwa njia hiyo hiyo, iliandikwa tarikhi ya Kisiba, ziwa dogo la Masoko lililo juu yetu katika nchi ya Rungwe.

Ziwa hilo, ambalo upana wake ni kama mita 700, limekaa ndani ya shimo la volkeno, na kando yake Wajerumani walijenga boma la askari. Wazee husimulia kwamba katika Vita vya 1914, walipoelemewa, Wajerumani walitupa fedha zao majini, na hata katika zama zetu wapo wazamiao humo na kuibuka na sarafu za kale, wakawauzia wageni. Hadithi ni tamu. Ila mimi naona hazina iliyo kubwa zaidi ni samaki.

Samaki hao, wadogo, wa ukoo mmoja na perege, wana wahenga wao katika mito ya bonde la Nyasa. Madume wa pwani ya ziwa wana rangi ya manjano. Wa kilindini, chini ya mita 20, ambako nuru ni haba, ni wa buluu iliyokoza. Vinasaba vya zaidi ya samaki 100 viliposomwa, ilidhihirika kwamba makundi hayo yalianza kufarakana ndani ya miaka 1,000 hivi iliyopita, na kwamba miongoni mwa vinasaba vilivyotofautiana vimo vya uoni wa jicho. Lakini nasaba za machifu wa Wanyakyusa, ambazo mwanaanthropolojia Monica Wilson alizisikiliza katika miaka ya 1930, hurejea nyuma vizazi vichache tu, hadi Ukinga walikotoka. Vinasaba vya nyangumi humrefushia uhai mmoja. Vya samaki huyu, ambaye maisha yake ni mafupi, vimehifadhi habari za karne ambazo hapakuwa na katibu wa kuziandika.

Na kwa kuwa nasaba za asili huvurugika zikichanganywa na za wageni, nawasihi wafugaji wa sato wa Kyela na Rungwe wasimwage vifaranga vyao Kisiba wala mitoni, maana mahali pengine Tanzania sato wa kuletwa wamekwisha kuzaana na perege wa asili.