"Kesi ya nyumbani": ni nani alisema ni ya wazee?

1. Kila msimu wa siasa kuna hoja haikosi jukwaani: ati serikali itoke kwa boma la mtu, wazee wamalize wenyewe, hiyo ndiyo mila yetu. Wacha nieleze hoja hii imetoka wapi. Simtaji mtu wala chama.

2. Nimekulia kijijini, upande wa Magharibi. Jirani yetu alipigwa na mumewe mpaka mkono ukavunjika. Wakaitwa kwa baraza. Mume akatozwa mbuzi. Mbuzi akachinjwa, wazee wakala, mama akarudi nyumba ile ile na mkono ukiwa umefungwa leso. Nilikuwa na miaka kama kumi. Hata mimi nilipewa kipande cha nyama.

3. Miaka mingi niliamini hiyo ndiyo mila. Halafu nikamuuliza nyanya. Akasema kwao mke akipigwa alirudi kwa wazazi wake, na mume alimfuata huko na wazee wake, ajieleze mbele ya ndugu za mke. Hakuniambia zamani ilikuwa peponi. Wengi walirudishwa tu wakavumilie. Lakini mke alikuwa na watu wake kikaoni. Kwa lile baraza letu, jirani hakuwa na hata mmoja wa kwao.

4. Na chifu je? Mwaka wa 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuteua wakuu wa vijiji. Jamii nyingi hazikuwa na cheo kama hicho. Mkuu huyo aliwajibika kwa mkoloni: utulivu uwepo, barabara zilimwe. Ukiwa na kazi hiyo, kesi nzuri ni ile imeisha haraka. Nani ameumia, hilo linakuja baadaye.

5. Sasa sheria inasema nini? Kumpiga mtu na kumjeruhi ni kosa la jinai, na hakuna mahali pameandikwa "isipokuwa mkeo". Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilisema kesi kama hizo haziwezi kusimamishwa kienyeji. Uamuzi huo ni wa mwanasheria mkuu, na siku hizi ni wa mkurugenzi wa mashtaka. Si wa chifu, si wa wazee, si wa baba mkwe.

6. Katiba ya 2010 inawatambua wazee, kifungu cha 159. Wanasiasa husoma hapo wakaachia hapo. Endelea kusoma: mila isitumike kuvunja haki za mtu. Na kifungu cha 29 kinamkinga kila mtu na dhuluma, iwe ya serikali au ya mtu binafsi.

7. Mwaka wa 2015 ikaja sheria ya kuzuia dhuluma za nyumbani. Inagusa hata vitisho na kunyanyaswa kwa pesa, na korti inaweza kutoa amri ya kumlinda aliyedhulumiwa.

8. Lakini sheria iko Nairobi, mtu anapigwa kijijini. Busia, 2013: washukiwa wa kumbaka msichana waliamriwa wafyeke nyasi kituoni, kisha wakaachiliwa. Ni baada ya watu kupiga kelele, ndani na nje ya nchi, ndipo kesi ikafika kortini; 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Mwaka huo huo wa 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi wanaopuuza malalamiko ya wasichana walionajisiwa wanavunja haki zao.

9. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata asilimia 34 ya wanawake wamewahi kupigwa tangu wakiwa na miaka 15. Wanaume pia wamo, asilimia 27, na wengi wao hawasemi.

10. Kwa hivyo akija kuomba kura na wimbo wa "wazee wamalize", muulize: aliyepigwa atakaa na nani hapo kikaoni? Na akikataa mbuzi, ataenda wapi usiku huo?

11. Kama ni wewe au jirani, nambari ni 1195, haina malipo. Ukienda kituoni, hakikisha umeandikwa kwa OB, na uitishe P3.

Wazee nawaheshimu. Ila ile nyama sijaisahau.