Majoka, Wapenzi na Jina la Kuwaita

Januari 2025 riwaya ya Rebecca Yarros iitwayo Onyx Storm iliuza zaidi ya nakala milioni 2.7 katika wiki yake ya kwanza. Si wasifu wa mwanasiasa wala kitabu cha mapishi. Ni sehemu ya tatu ya hadithi ya msichana anayepanda joka na kumpenda kijana ambaye familia zao zimeuana. Mwaka uliotangulia, wahariri wa kamusi za Collins na wa Oxford, kila upande kivyake, waliliingiza neno romantasy katika orodha fupi ya maneno ya mwaka. Neno lenyewe ni vipande viwili vilivyokatwa na kugandishwa: riwaya ya mapenzi upande mmoja, fantasia upande mwingine. Wasomaji wetu wanaovifuata vitabu hivi hutamka tu "romantasi" na kusonga mbele. Nimesoma kadhaa hivi karibuni, vingine kwa raha na vingine kwa kununa, na kila nilipotaka kumweleza mtu kwa Kiswahili nilichokuwa nasoma nilijikuta natoa hotuba badala ya jina.

Tuanze na kinachoitwa, ndipo tufike kwenye jina. Mapenzi hayakosekani katika fantasia yoyote. Tolkien anao Aragorn na Arwen, lakini kisa chao kwa sehemu kubwa kimewekwa kwenye kiambatisho mwishoni mwa The Lord of the Rings, na safari ya kuiangamiza pete ingefika mwisho wake hata kama Arwen asingezaliwa. Kwa hiyo kipimo changu ni cha kuondoa. Ondoa mapenzi: kama hadithi bado inatembea, hiyo ni fantasia yenye wapenzi ndani yake. Ondoa ajabu: kama bado inatembea, hiyo ni riwaya ya mapenzi iliyovalishwa mbawa. Utanzu tunaouzungumzia ni ule unaoanguka ukiondoa lolote kati ya hayo mawili. Ongeza sharti ambalo waandishi wa riwaya za mapenzi wa Marekani wamelishikilia miaka mingi, kwamba mapenzi yawe kiini cha hadithi na mwisho uridhishe na kuacha matumaini.

A Court of Thorns and Roses ya Sarah J. Maas, iliyotoka 2015, inapita kipimo hicho bila jasho. (Asiyetaka kuharibiwa utamu aruke aya hii.) Feyre, binti wa familia iliyofilisika, anamuua mbwamwitu msituni wakati wa njaa. Kumbe si mbwamwitu, ni mmoja wa watu wa fae, viumbe wa kichawi, na fidia yake ni Feyre kwenda kuishi upande wa pili wa ukuta kwa bwana mkubwa anayeitwa Tamlin. Baadaye sana tunaelezwa kwamba Tamlin na watu wake wako chini ya laana, na laana hiyo haiondoki kwa upanga wala kwa dua. Inaondoka pale tu msichana wa kibinadamu anayewachukia fae atakapompenda Tamlin na kulitamka hilo kwa kinywa chake. Feyre anampenda, ila halitamki kwa wakati. Robo ya mwisho ya kitabu, yenye damu na mateso, inatokana na sentensi moja iliyobaki kooni, na kitendawili anachopewa baadaye ili ajiokoe kina jibu lilelile. Hapo huwezi kuchora mstari kati ya mapenzi na uchawi. Kama muundo, nakisifu. Kama nathari, kuna kurasa nilizozipita kwa kasi, maana mhusika hawezi kushusha pumzi bila mwandishi kututangazia.

Sasa jina. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni "mapenzi ya ajabu", nalo halifai hata kidogo, kwa sababu hayo ndiyo mapenzi anayoimba kila msanii wa Bongo Fleva. "Mapenzi ya kifantasia" ni baya zaidi: humaanisha mapenzi yasiyokuwepo, ya kijana anayempenda mtangazaji wa televisheni asiyejua kwamba kijana huyo amezaliwa. Kiswahili huweka mkubwa mbele na wa kumfafanua nyuma, na ukiweka mapenzi mbele kisha ukayasifu kwa neno la kubuni, umeshayakana.

"Mapenzi ya kichawi" ndiyo yaliyonichekesha na kunifikirisha zaidi. Msomaji wa Tanzania akikutana na maneno hayo haoni majoka wala makasri. Anaona limbwata. Anamwona mke aliyekwenda kwa mganga na mume ambaye tangu juzi hasikii wala haambiwi. Jina hilo basi halitufai, lakini limbwata lenyewe linatupa swali ambalo wasomaji wa Kiingereza huliuliza kwa upole mno. Vitabu vingi vya aina hii vinategemea kitu ambacho nitakiita kifungo cha wenzi: viumbe wawili wameandikiwana na nguvu iliyo juu yao, na siku moja kifungo kinajikaza, wapende wasipende. Katika kitabu cha pili cha Maas, cha 2016, Rhysand anajua kwamba yeye na Feyre wana kifungo hicho na anamficha. Feyre anaambiwa na kiumbe mwingine kabisa, anakasirika na kuondoka zake, na kwa haki. Anapoamua kukikubali, anakikubali kwa chakula: anapasha supu na kumpa. Ndiyo desturi yao, mwanamke akimpa mwenziwe chakula amekubali. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka, kwa kuwa kwetu kila mtu anajua limbwata hupitia wapi. Mtu aliyelishwa limbwata hatusemi kwamba anapenda. Tunasema amelishwa. Kwa nini basi nguvu ileile ikitoka mbinguni badala ya kutoka kwa mganga igeuke kuwa pendo la milele? Maas mwenyewe ameliona shimo hilo. Anamfanya Rhysand asimulie kwamba wazazi wake walikuwa na kifungo na bado hawakufaana. Lakini ameliona akalifunika, na waliomfuata wengi wao hawakuliona kabisa.

Yarros, katika Fourth Wing ya 2023, amelipita shimo hilo kwa ujanja ninaoupenda. Violet Sorrengail amelelewa awe mwandishi wa kumbukumbu kama baba yake. Mama yake, jenerali, anamlazimisha aingie upande wa wapanda majoka katika chuo cha kijeshi cha Basgiath, mahali ambapo anayeshindwa haandikiwi barua ya kufukuzwa, anazikwa. Joka linalomchagua, Tairn, lina mwenzi wake, Sgaeyl, na Sgaeyl ni joka la Xaden Riorson, mtu mwenye kila sababu ya kutaka Violet afe. Majoka hayo hayawezi kutengana muda mrefu, kwa hiyo wapandaji nao hawawezi. Ona palipowekwa uchawi: unawalazimisha wawili hao kukaa karibu, haumlazimishi yeyote kumpenda mwenzake. Kupenda wanakutafuta wenyewe, kwa ubishi na kwa kuchelewa. Kitabu kina kasoro tele. Wanajeshi wa dola ya kale wanaongea kama wanafunzi wa bweni la Colorado, na jiografia ya vita utaielewa kitabu cha pili, ukibahatika. Lakini mwili wa Violet umeandikwa kwa ujuzi wa mtu anayejua. Viungo vyake huteguka, anafunga magoti bandeji kabla ya mapambano, na inabidi atengenezewe tandiko ili asiporomoke mgongoni mwa joka, jambo ambalo wenzake wanaliona kama aibu. Yarros ana maradhi ya Ehlers-Danlos, yanayolegeza viungo, na amesema Violet naye anayo. Kurasa hizo hazina mahaba wala moto wa joka, na ndizo zilizonifanya ninunue kitabu cha pili.

Nikiulizwa kipi bora katika nilivyosoma, nitajibu Uprooted ya Naomi Novik, ya 2015, iliyopata tuzo ya Nebula. Agnieszka anachukuliwa na mchawi anayeitwa Joka, ambaye ni binadamu mwenye hasira na maktaba nzuri. Anamfundisha, na uchawi wa mwalimu ni wa vipimo, kila silabi mahali pake. Wa mwanafunzi ni wa kupapasa, kama anayetafuta njia msituni kwa miguu. Siku moja wanaifanya kazi moja pamoja, kiinimacho cha waridi, kila mmoja kwa mtindo wake, na waridi linaanza kukua na kutambaa kupita walivyokusudia. Wote wawili wanaogopa, na si kwa sababu ya maua. Hakuna aliyemgusa mwenzake kwa namna ya kuandikiwa barua nyumbani, ila msomaji anajua kwamba kuna kilichotokea. Waandishi wengine hutumia sura nzima ya kitandani kufika hapo, wasifike. Wapo watakaosema kitabu hiki hakimo katika utanzu, kwani msitu wenye uovu unachukua nafasi kubwa kuliko wapenzi. Mimi nakiweka ndani: ondoa waridi lile, na namna wanavyoushinda msitu haitaeleweka.

Kuna rafiki mmoja wa Tanga aliyependekeza kwa ukali kwamba tusihangaike, jina tunalo: jini mahaba. Ana hoja. Mwanamume wa fae, mwenye miaka mia tano, mzuri kupita kiasi, mwenye wivu, anayekuja usiku na kukuchukua kwenda kwenye kasri lisiloonekana na watu, pwani tungemtambua mara moja. Tofauti ni kwamba sisi tungemwita mtu wa kumpunga. Jini mahaba katika mapokeo yetu ndiye anayezuia posa, anayemfanya binti afike miaka 30 wachumba wakija na kuondoka. Simulizi zetu za mke jini na mume jini, zile zinazosomwa kwenye simu sehemu kwa sehemu, kwa kawaida huishia kwa shehe au mganga, na binadamu anarudi kwa binadamu mwenziwe. Katika utanzu huu mpya yule wa kupungwa ndiye bwana harusi. Jina hilo lingeleta kisa kilichogeuzwa kichwa chini.

Shannon Chakraborty ndiye anayesimama karibu zaidi na mlango wetu. The Adventures of Amina al-Sirafi ya 2023 ina nahodha mwanamke wa Bahari ya Hindi, karne ya 12, mstaafu, mcha Mungu mwenye madhambi, mama wa mtoto mmoja. Mmoja wa waume zake, Raksh, aligundulika baada ya ndoa kwamba si mtu. Amina anamtazama jinsi mwanamke wa Lamu angemtazama: ni mume, ndiyo, ni balaa pia, na mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya ukoo huo. Ni kitabu kizuri, lakini kipimo kinakikataa. Mapenzi ukiyaondoa, jahazi bado linafika Sokotra. Hata Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952, yenye mji wa watu waliogeuzwa mawe, binti anayeokolewa humo, na pia jini wa kike anayelipa fadhila, haiingii. Kinachoendesha kisa kile ni husuda ya ndugu.

Pendekezo langu ni fantasia ya mahaba. Fantasia tayari imo katika mazungumzo yetu ya fasihi, na ikikaa mbele kama jina la utanzu haibebi ile maana ya kuota mchana inayoipata ikiwa sifa ya mapenzi. Mahaba nayachagua mbele ya mapenzi kwa sababu mapenzi yamepanuka hadi kwa wazazi, nchi na Yanga. Mahaba hayajatoka chumbani. Najua wapo wanaotaka neno moja lililobanwa, na mtu amenitajia "mahabajabu". Linasikika vizuri, mara moja. Ila tulishabuni chamcha na chajio, kamusi zikavipokea, na watu wanaendelea kula chakula cha mchana na cha jioni. Neno UKIMWI lilishika kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine fupi ya kulisema jambo ambalo kila nyumba ilihitaji kulisema. Riwaya za majoka hazina dharura hiyo. "Romantasia" huenda ikawashinda wote kwa wepesi wake mdomoni, nami sitaandamana. Nitasikitika tu kwamba neno litakuwa halimwambii chochote asiyejua Kiingereza.

Kesi moja bado inanisumbua. Emily Wilde's Encyclopaedia of Faeries ya Heather Fawcett, ya 2023, ni daftari la profesa wa Cambridge wa mwaka 1909, mtaalamu wa fae, asiyejua kusalimia wanakijiji, na mwenye tanbihi kwa kila kitu. Profesa huyo, Emily, anamshuku mwenzake wa kazi, Wendell Bambleby, mvivu na mpenda starehe, kuwa ni fae mwenyewe. Bambleby anamposa, naye Emily analipokea hilo kama data inayohitaji kuhakikiwa, na hampi jibu la maana. Mwisho wa kuridhisha haujafika kitabu kinapofungwa, kwa hiyo kwa sharti lile la Wamarekani kingeanguka. Nimekiweka rafu ileile na Yarros, kwa muda, hadi nimalize cha pili.