Ngazi za mpira: kutoka Lubarika hadi Linafoot

Timu ya kijiji cha Bonde la Ruzizi, kama Lubarika, haiingii ligi ya taifa kwa mkato. Huanza kwenye ententi, yaani chama cha mpira cha eneo lake. Ikishinda hupanda ligi ya mkoa wa Kivu Kusini, na juu kabisa iko Linafoot, yaani ligi ya taifa. Hiyo ndiyo njia iliyopitiwa na AS Maika ya Uvira, na vilevile OC Muungano na OC Bukavu Dawa za Bukavu, hadi zikakutana uwanjani na vigogo wa Kinshasa na Lubumbashi.

Ngazi hizo zina historia ndefu. Shirikisho la mpira la Kongo ni la mwaka 1919. TP Mazembe ya Lubumbashi ilianzishwa 1939 na wamonaki Wabenedikto. Mwaka 1974 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilicheza Kombe la Dunia. Majina ya timu za madaraja ya chini hayakuandikwa sana, ingawa wachezaji wengi walitoka huko.

Si sisi tu tulio na ngazi na vikwazo vyake. Uholanzi nako kuna ngazi zao: kwa miaka mingi timu za ridhaa ziligawanywa, za Jumamosi mbali na za Jumapili, kwa kuwa Waprotestanti wengi walikataa kucheza siku ya ibada. Huku kwetu kikwazo kikubwa ni barabara. Mechi ya ugenini ni safari ya barabara ya taifa namba 5, na nauli hutoka mifukoni mwa wachezaji na mashabiki wao.