Kuta, Ngozi na Chuma: Sanaa ya Hadharani na Kazi ya George Lilanga

Mbekenyera ni kata ya wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, katika nchi ya Wamwera. Zamani sehemu zile zilihesabiwa pamoja na Nachingwea. Kusini yake iko Masasi na nchi ya juu ya Wamakonde, na upande wa machweo iko Tunduru, alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga. Pembe hii ya Tanzania imetoa wachongaji na wachoraji wengi mashuhuri, na yafaa kuchunguza sanaa yao ilianzia mahali gani kuonekana na watu.

Katika mwaka wa 1906 Profesa Karl Weule wa Leipzig alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala. Aliona picha zilizochorwa juu ya kuta za udongo za nyumba, akawapa wenyeji karatasi na kalamu ili wamchoree. Karatasi zile alikwenda nazo Ujerumani. Kuta zilibaki na wenyewe. Picha ya ukutani ilitazamwa na kila apitaye njiani, wala haikuuzwa. Udongo ulipobomoka, nayo ilikwisha.

George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa kusini mwaka wa 1934, alianza kwa kuchonga mizizi ya muhogo, kwa kuwa ni laini. Baadaye ndipo alipoushika mpingo. Kwanza alifika Dar es Salaam akiwa mchongaji, na kwa msaada wa mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, akapata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka wa 1972. Hapo mlinzi akageuka msanii wa vitu vingi: alichora juu ya ngozi za mbuzi, akatia nakshi vitambaa vya batiki, akakata chuma, na halafu akachora juu ya mbao nyembamba za dari kwa rangi za kung'aa, kwa njia iliyoenezwa na Tingatinga, aliyefariki mwaka ule ule wa 1972. Vinyago vyake navyo alivipaka rangi.

Vitu vilibadilika, lakini viumbe walikuwa wale wale: mashetani wenye masikio makubwa na matumbo ya duara, wakicheza, wakila, wakibebana. Neno hili lataka uangalifu. Katika lugha ya dini, shetani ni adui wa binadamu. Katika lugha ya wachongaji ni jina la mtindo, ambao asili yake hutajwa kuwa kazi ya Samaki Likankoa, yapata mwaka wa 1959. Husimama kando ya majina mengine ya mitindo, kama vile ujamaa na mawingu. Mashetani wa Lilanga hawatishi. Ni majirani wanaochekesha.

Mwaka wa 1978 kazi zake nyingi zilionyeshwa Washington, na mwaka wa 2004 zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika huko Düsseldorf. Ugonjwa wa kisukari ulimkata miguu, lakini aliendelea kufanya kazi pamoja na wasaidizi wake hata alipofariki mwezi wa Juni, 2005.

Lakini kazi iliyokuwa karibu zaidi na kuta zile za mwaka wa 1906 haikuvuka bahari. Ni vyuma vya uzio alivyovibuni kwa ajili ya jengo la Nyumba ya Sanaa: mashetani wa chuma waliotazamwa bure na kila mpita njia. Mbao zake zilizonunuliwa zimetunzwa katika nchi za mbali, zikiwa na tarehe na vipimo vyake. Nyumba ya Sanaa ilifungwa, na kazi iliyofungamana na nyumba hufuata majaliwa ya nyumba hiyo. Basi wenye kuchunguza lugha wana wajibu hapa: kukusanya, kwa Kiswahili na kwa lugha za Kimakonde na Kimwera, majina ya zana, ya rangi na ya mitindo, maadamu wako mafundi wanaoyajua; kwani Weule alichukua picha, na maneno ya waliozichora ni machache mno yaliyosalia.