Roy Clay na kompyuta ya kwanza ya Hewlett-Packard

Mwaka 1951 kampuni ya ndege ya McDonnell, mjini St. Louis, ilimwita Roy Clay kwenye usaili. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka Chuo Kikuu cha Saint Louis na shahada ya hisabati, na karatasi zake za maombi hazikuonyesha rangi ya ngozi. Alipofika, waliona. Wakamwomba radhi kwa adabu zote, kisha wakamwambia hawana kazi za kitaalamu za kuwapa Weusi. Clay akaenda kufundisha shule.

Maneno hayo hayakuwa mageni kwake. Alizaliwa Agosti 22, 1929, katika familia ya watoto tisa huko Kinloch, mji mdogo wa Weusi jimboni Missouri. Jirani yake ni Ferguson, na Ferguson ya siku hizo ilikuwa ya Wazungu. Roy akiwa kijana alikwenda huko kukata nyasi kwa ujira. Polisi wakamkamata, wakampakia garini, wakamrudisha Kinloch na kumwonya asionekane tena. Mama yake alimweleza kwamba ubaguzi utamwandama maisha yake yote, ila asije akaufanya sababu ya kushindwa. Ni wosia mzito, na kwa maoni yangu si wa haki sana, maana unamtwisha mzigo yule yule aliyeonewa. Clay aliushika hivyo hivyo.

Mwaka 1956 McDonnell hiyo hiyo ikamwajiri kuandika programu za kompyuta. Miaka miwili baadaye alihamia California, kwenye maabara ya Livermore, akaandika programu ya kuonyesha jinsi mionzi ingesambaa baada ya bomu la nyuklia kulipuka. Kisha akapita Control Data, kampuni iliyounda baadhi ya kompyuta zenye nguvu kubwa za enzi hizo.

Mwaka 1965 David Packard, mmoja wa waanzilishi wa Hewlett-Packard, alimchukua. Hewlett-Packard ilikuwa imejijengea jina kwa vyombo vya kupimia umeme na mawimbi, wala haikuwa imewahi kuuza kompyuta. Mwaka uliofuata ikatoa HP 2116A, mashine ya biti 16. Mtu mmoja hawezi kuunda kitu kama hicho peke yake: mhandisi Kay Magleby alishughulikia mitambo yenyewe, na Clay akaongoza upande wa programu. Kompyuta nyingi za wakati ule zilitaka chumba chenye kiyoyozi na watu wa kuzitunza. Hii ilikusudiwa kuunganishwa na vyombo vya kupimia na kuvumilia mazingira magumu. Ya kwanza kuuzwa ilikwenda kwa taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole, ikafungwa melini, ikafanya kazi kwenye hewa ya chumvi kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka ule wa 1966 Steve Jobs, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Apple, alikuwa na umri wa miaka 11. Nalitaja hilo kwa sababu hadithi za Silicon Valley, bonde la teknolojia la California, hupenda kuanzia kwake.

Clay aliondoka Hewlett-Packard mwaka 1971. Akawa mshauri wa wawekezaji wa Kleiner Perkins, waliotaka mtu wa kuwaambia ni kampuni ipi changa ya kompyuta inafaa kutiliwa fedha. Tandem ni mojawapo ya zile alizowashauri waziunge mkono. Mwaka 1973 alichaguliwa diwani wa Palo Alto, Mweusi wa kwanza katika baraza hilo, na baadaye akawa naibu meya.

Mwaka 1977 alianzisha kampuni yake mwenyewe, ROD-L Electronics. Kazi yake haikuwa na mbwembwe. Ilitengeneza vipimo vinavyosukuma umeme wa volti nyingi kwenye kifaa kipya kabla hakijauzwa, ili kujua kama kinga ya nyaya inavujisha na inaweza kumuua mtumiaji. IBM na Hewlett-Packard zilikuwa miongoni mwa wateja.

Alifariki Septemba 22, 2024, akiwa na umri wa miaka 95. Wengi walimwita baba wa Weusi wa Silicon Valley. Heshima hiyo ni ya kweli lakini ni finyu, kwani bonde lenyewe lilijengwa naye akiwamo.